Dar mpaka Kyela kwa gari dogo mwezi wa nane, kwa anayetoka nje na familia

Mkuu karibu nyumbani. Umesema uko Uingereza, watoto wanafunga shule mwisho wa mwezi wa saba, unataka ukodi gari Dar uwapeleke kwa bibi yao Kyela, na unauliza kama utafika siku moja, hatari ziko wapi na mnaweza kupumzika wapi. Naona wengi wameshakujibu "siku moja unatoboa, toka saa tisa usiku tu". Ni kweli wapo wanaotoboa, mabasi yanafanya hivyo kila siku, ila basi lina madereva wawili na wewe uko peke yako na watoto nyuma wanaouliza tunafika lini. Mimi hiyo njia naipita mara kwa mara na familia kwa sababu ukweni kwangu ni Tukuyu, na ushauri wangu ni mmoja: panga safari yako kwa mwanga wa jua, achana na hesabu ya kilomita. Dar mpaka Mbeya mjini ni kama kilomita 830, ukiwa motorway ya huko kwenu hiyo ni shughuli ya siku moja na unafika bado una nguvu, huku siku moja hiyo itakumalizia gizani na giza la barabara hii ndio lenyewe hasa linaloua watu.

Kwa hiyo siku ya kwanza lala Iringa, siku ya pili malizia. Toka Dar saa kumi na moja alfajiri, sio mapema zaidi ya hapo, uwe umepita Kibaha kabla foleni haijaamka, na kukipambazuka unakuta uko maeneo ya Vigwaza. Pale ukiona malori yamejipanga mstari mrefu kushoto usishtuke, ni mzani wa kupima uzito, ila kuwa makini maana lori linaweza kuchomoka kwenye foleni bila indiketa wala nini likaingia mbele yako.

Kipande cha Dar mpaka Chalinze ndicho kinachochosha kuliko vyote. Gari za Arusha, za Dodoma, za Mbeya, za Zambia na Congo zote zinapita humohumo mpaka pale Chalinze zinapogawana, na malori ni mengi kweli. Usiwe na haraka hapo. Ukiovateki lori moja mbele kuna jingine, ukilimaliza hilo kuna matanki matatu yamefuatana, mwisho unajikuta umehatarisha watoto wako ili uingie Morogoro dakika kumi kabla ya mwenzako uliyemuacha nyuma, na unamkuta sheli anajaza wese.

Sasa lugha ya barabarani ambayo huko hamna, na hii naomba uishike. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia na halikati kona popote, dereva anakwambia usipite, kuna gari inakuja. Akiwasha ya kushoto anakwambia njia nyeupe, pita. Wengi wanaifuata hiyo na madereva wa malori kwa kweli ni waungwana sana kwenye hili, lakini usimwachie maisha yako, hakikisha na macho yako mwenyewe maana kuna siku anawasha kulia kwa sababu kweli anakata kulia anaingia kijijini. Gari inayokuja mbele ikikumulika taa mara mbili mchana kweupe, kuna trafiki huko mbele, au kuna ajali. Na ukikuta matawi ya miti yenye majani mabichi yametupwa barabarani hatua kwa hatua, punguza mwendo hapohapo, kuna gari imeharibika mbele, mara nyingi baada ya kona, na mara nyingi imeziba njia nzima ya kushoto. Traiango watu wanazo kwa ajili ya kumuonyesha trafiki, barabarani wanatumia majani. Usiku hayo majani huyaoni mpaka uko juu yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotembea usiku.

Trafiki na tochi, yaani kile kifaa chao cha kupimia spidi. Kila kijiji kina kibao cha 50 pa kuanzia na kibao cha kumalizia chenye mistari iliyokatiza. Shida ni kwamba nyumba zinaisha, barabara inanyooka, kuna kamteremko, wewe unaona kijiji kimeisha kumbe kibao bado, na hapo ndipo jamaa anakuwa amekaa na tochi chini ya mti. Anakupiga picha, anamtumia mwenzake wa mbele kwenye simu, unasimamishwa kilomita mbili baadaye unaonyeshwa gari yako na spidi yako. Faini ni elfu 30 kwa kosa. Usibishane, omba uandikiwe, ulipe kwa simu kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, yaishe. Usitoe hela mkononi hata kama unaambiwa ni rahisi. Na kabla hujachukua gari ya kukodi mwambie mwenye gari akuonyeshe kama haidaiwi, maana deni linafuata namba ya gari na utasimamishwa Iringa kwa kosa la mtu aliyekwenda Tanga mwezi wa tano. Kagua pia mtungi wa kuzimia moto, jeki, spea yenye upepo na hiyo traiango. Tairi ziangalie mwenyewe, ziguse kabisa. Kuna jamaa mmoja wa kukodisha nisiyemtaja aliwahi kunipa gari imeoshwa inang'aa kama sahani ya harusi, kumbe tairi za nyuma zimeisha mpaka nyuzi zinachungulia.

Morogoro simama unywe chai, watoto waende chooni. Ukifika Msamvu, hapohapo Morogoro, utasikia watu wanataja ile ajali ya tanki la mafuta ya tarehe 10 Agosti 2019, lilipinduka watu wakakimbilia kuchota petroli likalipuka, walikufa zaidi ya watu 100. Naitaja kwa sababu utakutana na matanki mengi njiani na siku moja utakuta limelala pembeni. Usisogee kupiga picha, usimruhusu mtu ashuke, geuza gari kaa mbali.

Baada ya Moro unaingia Mikumi, barabara inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi na hulipi kitu ukiwa unapita tu. Mwezi wa nane majani yamekauka, wanyama wanaonekana kirahisi, swala, pundamilia, twiga, nyati kwa mbali, na tembo mara nyingine wako barabarani kabisa. Watoto wako wataisahau hiyo simu humo. Fuata kibao cha spidi, mwingilioni kuna bango lenye orodha ya faini za kugonga kila mnyama na zimeandikwa kwa dola, mwambie mwanao mkubwa akusomee, utapunguza mwendo mwenyewe. Usishuke, usifungulie nyani dirisha, ukiwapa ndizi hao wanapanda juu ya gari na hawana utani. Kama bajeti inaruhusu mngelala Mikumi usiku mmoja mkaingia hifadhini asubuhi, hapo inakuwa safari ya siku tatu na mimi naona ndio nzuri zaidi kwa watoto wanaokuja mara moja kwa miaka. Wakipenda kutembea kwa miguu, Mikumi mjini unakata kushoto unaenda Mang'ula, hifadhi ya Udzungwa, kuna maporomoko ya Sanje kama mita 170 kwenda chini, kupanda ni jasho lakini bwawa la kuogelea juu kule ni baridi safi.

Jambo la mwezi wa nane ambalo watu hawalisemi ni moto. Watu wanachoma majani pembeni ya barabara, upepo ukigeuka moshi unafunika lami yote huoni hata boneti yako. Ukiona moshi mbele washa taa, punguza, na kama ni mzito simama pembeni nje kabisa ya lami mpaka upite. Usiingie kichwakichwa eti utatokea upande wa pili, ndani humo anaweza akawepo mwenzako amesimama.

Kutoka Mikumi unaingia kona za Iyovi, halafu unashuka Ruaha Mbuyuni, joto kali, mibuyu pande zote. Nunua vitunguu wakati wa kurudi, sio kwenda, vitanuka garini siku mbili. Mabasi mengi yanasimamia maeneo hayo kwa chakula, vyoo vipo, kuku na chipsi vipo, kwa hiyo na nyie kuleni hapo kabla ya kupanda Kitonga.

Kitonga sasa. Ukiwa unaenda unapanda, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, kona kwa kona. Hatari ya kupanda ni mbili, gari kuchemsha na hasira za kukaa nyuma ya lori linalotambaa. Zima AC, angalia geji ya joto, kaa nyuma ya lori kwa umbali na tulia, kilomita zenyewe ni chache. Usimpite mtu kwenye kona hata kama wengine wanakupita wewe wakikupigia honi. Hatari kubwa iko siku ya kurudi, unashuka. Hapo ukikanyaga breki muda wote zinapata moto halafu zinakuwa laini hazishiki. Gari ya automatiki toa kwenye D weka 2 au L, zima O/D (overdrive) kama inayo, iache injini ikushikilie, breki uzitumie kidogokidogo. Na ukiona lori nyuma yako linashuka kasi mpishe mapema, usishindane nalo, inawezekana dereva mwenyewe hana breki.

Halafu beba maji mengi na chakula kikavu. Tuliwahi kukuta lori limekatiza barabara Kitonga, gari hakuna kwenda wala kurudi, tulikaa kuanzia mchana mpaka giza linaingia. Kuna akina mama walikuwa na watoto wachanga kwenye basi hawana hata maji, tukagawana tulichokuwa nacho. Hakuna njia ya mchepuko pale ya kusema ukate uzungukie. Ukishakwama umekwama, ndio maana nasema ufike hapo saa nane mchana na sio saa mbili usiku.

Ilula ni nyanya tupu, Iringa hiyo hapo. Mji wenyewe uko juu ya kilima, chini ni Ipogolo, pandisha mjini mkalale. Baridi ipo, mwambie shemeji abebe masweta mkononi asiyafungie kwenye begi la chini. Asubuhi kama mna muda nendeni Kalenga mkaone fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, au Isimila, ni kama kilomita 20 hivi kwenye njia hiyohiyo ya Mbeya, kuna zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji, watoto wanakimbia humo mpaka wachoke halafu wanalala garini. Ulanzi, pombe ya mianzi, utauona, waachie wenyeji, wewe unaendesha.

Siku ya pili usitoke kabla jua halijapanda vizuri. Mafinga mpaka Makambako asubuhi kuna ukungu, unapita kwenye misitu ya Sao Hill na malori ya mbao yanaingia barabarani kutoka kwenye njia za vumbi. Changarawe, hapohapo Mafinga, mwezi wa tatu 2015 kontena la lori liliangukia basi wakafa zaidi ya watu 40. Toka siku ile mimi sikai sambamba na lori la kontena, ama niko nyuma yake mbali ama nimeshampita, katikati sikai.

Makambako upepo, ukipata mafuta hapo jaza. Ukishuka kuelekea Igawa na Chimala barabara inanyooka kabisa na hapo ndipo watu wanasinzia. Ng'ombe wanavuka, baiskeli zimebeba magunia, bodaboda zinatokea vichochoroni hazitazami. Igurusi ni mchele, nunueni mkamletee bibi kitu, ingawa mtu wa Kyela kumpelekea mchele wa kwingine ni kumtafuta ugomvi, hilo mtajijua wenyewe. Inyala kuelekea Uyole kuna milima na malori yanayofeli breki, kanuni ni zilezile za Kitonga. Kama mtapita karibu na tarehe 8, Uyole kuna viwanja vya Nane Nane, foleni yake usiulize.

Uyole unakata kushoto unaingia Tukuyu, na hapo mvua inaweza kukupata hata mwezi wa nane, lami inateleza na kona ni nyingi, migomba na chai mpaka barabarani. Mkifika mapema simameni Kiwira mkaone Daraja la Mungu. Ziwa Ngozi liacheni siku nyingine, kupanda kule na watoto mliotoka nao Iringa asubuhi ni mateso.

Umeuliza pia kuhusu Matema. Mkishampumzisha bibi siku mbili tatu, mchukueni na yeye muende, kutoka Kyela sio mbali na gari dogo linafika. Mchanga, Ziwa Nyasa mbele, milima ya Livingstone imesimama pembeni, na Jumamosi waulizeni wenyeji kuhusu soko la vyungu. Ila vyungu vipakieni katikati ya nguo, siku ya kurudi kuna matuta na rasta, vile vituta vidogo vilivyofuatana, kila kijiji mpaka Kibaha.