Barua kwa mwanangu: Hansen na goli la Malaga

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Umeniuliza nani beki bora wa kati Liverpool imewahi kuwa naye, Alan Hansen au Virgil van Dijk, ukaongeza kikejeli kwamba Hansen ni "wa enzi zako". Haya.

Uelewe kwanza kwamba Hansen hakuwa mtu wa kubutua. Liverpool walimchukua Partick Thistle mwaka 1977 kwa pauni 100,000, mrefu, mwembamba, na akiunasa mpira alitoka nao mwenyewe, kichwa juu, bila haraka, mpaka wewe unayetazama ndiye unayetokwa jasho. Mechi 620, ligi mara 8, Kombe la Ulaya mara 3. Lakini mtaje kwa Waskoti wa rika langu uone. Hawakutajii kombe hata moja. Watakutajia Malaga.

Unajua mwaka ule nilikuwa Glasgow na mjomba wako. Juni 22, 1982, tumejazana sebuleni kwa mwenye nyumba, tunatazama Kombe la Dunia kutoka Malaga, Hispania: Uskoti lazima iwafunge Wasovieti ili ivuke kundi. Ni 1-1, dakika ya 84, ukaja mpira mrefu pembeni, wa kawaida kabisa. Hansen akaufuata, Willie Miller naye akaufuata, wakavaana wao kwa wao. Shengelia, mshambuliaji wa Wasovieti, akabaki peke yake, akamzunguka kipa Rough, akafunga. Mwenye nyumba akatoka nje kuvuta sigara, na goli la Souness la kusawazisha hakuliona. Mjomba wako hajamsamehe Hansen hadi leo.

Mimi nasema, na nitasema tena: Uskoti haikutolewa na Hansen. Chukua kalamu. Hata ile 1-1 ilikuwa inawatoa kwa tofauti ya mabao. Kilichowamaliza ni mabao mawili waliyoruhusu kwa New Zealand, wakiwa tayari wanaongoza 3-0. Yaondoe hayo, na sare ya 2-2 inawavusha. Najua utasema Hansen alicheza na siku ya New Zealand. Alicheza, ndiyo. Lakini mabeki walikuwa wanne na kipa juu yake, mbona jina linalotajwa ni moja?

Kinachoniuma zaidi ni mwaka 1986. Ni nahodha wa Liverpool, ametwaa ligi na Kombe la FA kwa mpigo, halafu Alex Ferguson, kocha wa Uskoti wakati huo, anamwacha nje ya kikosi cha kwenda Kombe la Dunia Mexico. Ferguson aliwaamini Miller na McLeish, vijana wake wa klabu ya Aberdeen, na kusema kweli walikuwa mabeki hasa, siwezi kuwabeza. Ila Hansen aliishia mechi 26 za taifa. Miller, yuleyule aliyevaana naye, alicheza 65. Nieleze hiyo hesabu.

Sasa huyo van Dijk wako wa pauni milioni 75. Ana mwili, ana mbio, hewani hapitwi. Mpira wa Malaga pengine angeuwahi. Kutoka na mpira miguuni kama Hansen, hapo… hapana, ngoja. Pasi zake ndefu nazo Hansen hakuwa nazo nyingi kiasi kile. Jibu ninalo, liko hapa mdomoni, ila nikiliandika utampelekea mjomba wako, na Idi tunakula kwake. Akikuuliza, mwambie baba hajasema.

Baba yako