Mshale, kisu na kauri: ipi ni sarafu?

SWALI: Naanza kukusanya pesa za kale. Muuzaji wa mtandaoni ananipa vitu vitatu kwa bei moja: kisu cha shaba cha China, kichwa cha mshale kutoka Bahari Nyeusi, na kauri kumi (simbi, magamba ya konokono wa baharini). Vyote anaviita “sarafu za kwanza duniani”. Ni kweli?
– Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Pesa, ndiyo. Sarafu za kwanza, hapana.

Sarafu huwa na mambo matatu: ni kipande cha madini chenye uzito uliopangwa, kina alama ya mamlaka iliyokitoa, na watu hukipokea kwa kuhesabu bila kukipima upya. Kwa kigezo hicho, za mwanzo tunazozijua zilitoka Lidia, magharibi mwa Uturuki ya leo, karne ya 7 KK. Zilikuwa vibonge vya elektramu, yaani dhahabu iliyochanganyika na fedha. Nzima ilikuwa na gramu 14.1 hivi, na theluthi yake, ile yenye kichwa cha simba, gramu 4.7. Babeli walikuwa wakilipana kwa fedha karne nyingi kabla ya hapo, ila kila malipo yalipita kwenye mizani. Hiyo ni pesa, bado si sarafu.

Sasa vitu vyako. Kisu cha China kilimiminwa kwenye kalibu kikiwa na maandishi, na kilitolewa kwa wingi na dola kama Yan na Qi. Sisi tunakihesabu kuwa sarafu, umbo lisikusumbue. Mshale ni habari nyingine. Ile iliyotumika kama pesa karne ya 6 na ya 5 KK ilimiminwa butu makusudi, haina makali wala haichomi. Wauzaji wengi huchukua mshale halisi wa vita, wakaubadilisha jina na bei ikapanda. Omba picha ya ukingo kwa karibu: ukiona umenolewa, huo ni silaha.

Kauri ndiyo ngumu kuliko zote. Yenye duara la njano mgongoni ni ya pwani yetu. Yenye vinundu pembeni ndiyo ile iliyosafirishwa kwa wingi kutoka Maldivi. Zote mbili zilikuwa pesa, lakini kauri iliyookotwa ufukweni Bagamoyo wiki iliyopita haina tofauti na iliyonunulia bidhaa Buganda karne ya 19. Usiilipie zaidi ya bei ya kauri ya kawaida.

Kanuni yetu ya kununua ni hii: kadiri kitu kinavyopungukiwa alama, ndivyo unavyohitaji karatasi zaidi. Sarafu yenye simba inaweza kulinganishwa na nyingine za muhuri uleule. Pesa isiyo na alama, kama donge la shaba la Roma ya mwanzo au jembe la chuma linalodaiwa kutoka Ugweno, haina cha kulinganisha. Historia ya umiliki ndiyo ushahidi pekee. Muuzaji asiyekuwa na risiti ya zamani wala picha ya mnada, mwache.

SWALI: Nimepata kipande kidogo cha elektramu, gramu 1.18. Nawezaje kukipima bila kukikwaruza?
– Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Uzito huo unalingana na sehemu ya kumi na mbili ya sarafu nzima ya Lidia, hivyo umeanza vizuri. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba wa nailoni, kizamishe chote kikining’inia, kisiguse chini wala pembeni. Namba inayosomeka ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito wa hewani kwa namba hiyo.

Elektramu ya Lidia yenye dhahabu kama asilimia 55 hutoa 14 hivi. Risasi hutoa 11.3, na shaba ya njano iliyopakwa dhahabu hutoa 8.5 hivi. Tatizo lako ni udogo: maji yatasoma gramu 0.08 tu. Mizani inayoishia 0.01 ikikosea hatua moja, jibu linaruka kutoka 13 hadi 17, na hapo hujapima chochote. Tafuta mizani ya 0.001; wafanyabiashara wa vito Arusha wanazo. Viputo vya hewa pia huharibu jibu, basi tia tone la sabuni ya vyombo kwenye maji. Kipande kikigusa chini, mizani itasoma uzito mwingi mno.

Kipimo hiki kinakuambia ni madini gani. Umri hakikuambii, maana dhahabu na fedha zinaweza kuyeyushwa pamoja hata leo.

SWALI: Nimeambiwa rupia halisi ya Mjerumani huvuta mchele. Niinunue?
– Msomaji, Himo

JIBU: Usinunue. Fedha haivuti mchele wala sumaku. Rupia ya 1890 hadi 1902 ina fedha asilimia 91.7, uzito gramu 11.66, upana milimita 30. Anayekuonyesha mchele anataka usiangalie mizani.

SWALI: Nimerithi sarafu ndogo ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu, inasemekana ni ya Kilwa. Niliisugua kwa limao, sasa inatoa unga wa kijani. Naweza kuiuza nje?
– Msomaji, Marangu

JIBU: Limao limeondoa ngozi iliyokuwa ikiilinda, na chumvi iliyomo ndani sasa inakula shaba. Unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukipangusa ndiyo dalili. Iloweke kwenye maji safi yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri (soma chupa vizuri, usije ukachukua asidi), ukibadilisha kila wiki kwa wiki kadhaa. Ikaushe kabisa, kisha iweke kwenye kopo linalofunga pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvikaushe upya masika yakianza. Epuka vifuko laini vya plastiki vyenye harufu. Vinatoa asidi polepole.

Kuhusu kuuza nje: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sarafu za masultani wa Kilwa ni za karne nyingi kabla ya hapo. Usiitume kwa posta. Ipige picha pande zote mbili ikiwa na rula pembeni, andika uzito na ulivyoipata, uwapelekee Idara ya Mambo ya Kale kwanza.