Mwalimu Anajibu: Tulichagua mbunge au tulichagua sanamu?

Nilipostaafu kufundisha Historia nilidhani wasomaji wataniuliza juu ya Mekatilili na Koitalel. Kumbe wapi. Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mheshimiwa fulani na alichosema, au hakusema, Bungeni. Nimechagua nne. Nyinyi wengine mnisamehe. Na wewe bwana wa Kitale unayetaka nikutukanie mbunge wako, hapana, mtukane mwenyewe.

*"Mwalimu, habari za Kisumu? Mimi nauza mitumba hapa Nakuru. Kwenye simu imezunguka orodha ya wabunge walioongea sana na wale ambao hawakufungua mdomo. Wetu yuko mkiani kabisa. Mimi ndiye niliyempigia debe soko zima, sasa wenzangu wananiita Mama Sanamu. Mbunge asiyeongea ana kazi gani?"*
Mama wa mitumba, Nakuru

Mama Sanamu (usikasirike, jina limenipendeza), tuanze na biashara yako. Robota halikupi faida kwa uzito wake. Unalifungua, unatoa kamera, zile nguo safi kabisa, kando, ndipo unajua kama umepata au umeliwa. Orodha hiyo imepima robota bila kulifungua.

Wanaotengeneza orodha kama hizo, mathalani shirika la Mzalendo, huhesabu mara ambazo mbunge amezungumza katika Hansadi, yaani taarifa rasmi ya yale yote yanayosemwa ukumbini. Ni kazi nzuri, siibezi. Bila wao wengi wetu tusingejua hata kama mtu wetu hufika. Lakini siku moja niliketi nikasoma Hansadi ya alasiri moja tangu sala hadi kuahirishwa, chai yangu ikapoa mara mbili. Mheshimiwa mmoja alisimama mara nne. Mara ya kwanza aliwakaribisha wanafunzi waliokaa sehemu ya wageni. Ya pili akatoa rambirambi. Ya tatu ilikuwa hoja ya nidhamu, yaani kulalamika kwamba kanuni imevunjwa, isiyo na hoja wala nidhamu. Ya nne alisema anaunga mkono Mswada, akamshukuru Spika, akamshukuru aliyeuleta, akawashukuru watu wake kwa kumchagua, muda ukaisha. Kwenye orodha huyo ana nne na wako ana sifuri. Mkulima wa Njoro amepata nini zaidi kwa yule mwenye nne?

Halafu piga hesabu. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika: 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Kila mmoja akipewa dakika 10 tu kwa Mswada mmoja, hizo ni zaidi ya saa 58, na hapo hakuna aliyekatiza mwenzake. Haiwezekani. Ndiyo maana kazi nzito huenda kwenye kamati, ambako katibu wa wizara hukalishwa kitini na kuulizwa pesa zimekwenda wapi.

Chukua sukari, maana huku kwetu ndiyo inayotuuma. Mswada wa Sukari wa 2022 uliletwa na Emmanuel Wangwe, mbunge wa Navakholo, Kakamega. Bodi ya Sukari ilikuwa imemezwa na mabadiliko yaliyokuja na Sheria ya Mazao ya 2013, wakulima wa miwa wakabaki kama vifaranga bila mama. Mswada huo ukapita kamatini, ukaenda kwa wananchi kutoa maoni, ukafika Seneti, ukarekebishwa, hadi Novemba 2024 ndipo Rais akautia saini. Bodi ikarudi, na ushuru wa asilimia 4 wa kuendeleza sukari ukarudi pamoja nayo. Kama mkulima atanenepa kwa sheria hiyo, tutaona kwenye mizani ya kiwanda. Ninachotaka uone ni kwamba mtu aliyehesabu hotuba tu angeiona sehemu ndogo sana ya safari hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Uliza mbunge wenu yuko kamati gani. Ripoti za kamati ziko kwenye tovuti ya Bunge, bure, na huko nyuma kabisa huambatanishwa kumbukumbu za vikao zenye majina ya waliofika na wasiofika. Kurasa hizo hazina msomaji. Zisome wewe. Ukimkuta humo amebadilisha vifungu, rudi sokoni kifua mbele. Usipomkuta humo wala ukumbini, basi mama, jina hilo umelipata kihalali. Na ujue kunyamaza si kosa, lakini Ibara ya 103 ya Katiba inasema mbunge anayekosa vikao 8 katika kipindi kimoja cha vikao vya Bunge, bila ruhusa ya Spika kwa maandishi na bila sababu ya kuridhisha, kiti chake kiko wazi.

Ingawa nakuelewa uchungu wako. Nakuru iliwahi kupeleka Koigi wa Wamwere mwaka 1979, kutoka Nakuru Kaskazini, na yule kunyamaza hakuwa na mazoea nako. Yeye na wenzake ndio walioitwa na Charles Njonjo, waziri wa siku zile, "dada saba wenye ndevu", pamoja na Lawrence Sifuna wa Bungoma na mama Chelagat Mutai wa Eldoret, ambaye ndevu sijui alizitoa wapi.

*"Mwalimu, mimi naendesha bodaboda Butere. Pale stejini kuna mzee hutuambia kwamba Shikuku alifungwa miaka mitatu kwa sentensi moja tu aliyoisema Bungeni. Vijana tunamcheka, tunasema anatia chumvi. Nani mkweli?"*
Kijana wa stejini, Butere

Mwombe mzee msamaha, na umnunulie chai.

Mimi ni mtoto wa Butere pia, mwanangu. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli pale stesheni, mwisho wa njia inayotoka Kisumu. Oktoba 1975 nilikuwa msichana wa shule. Nakumbuka alirudi jioni akafunga dirisha kabla ya kuwasha redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama akamuuliza kuna nini. Akasema, "Wamemchukua Martin." Hakuongeza neno. Nyumba nzima tulikula kimya.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwaka ule ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Machi, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale wa Bungoma, na ripoti yake ikapitishwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, aliiunga mkono ripoti hiyo kwa kura yake akafutwa kazi. Kwa hiyo ilipofika Oktoba kila mtu ukumbini alijua bei ya neno.

Tarehe 9 Oktoba, Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU, chama tawala, ilivyouawa. Wenzake wakaruka juu: athibitishe! Kanuni inaruhusu, ukitoa madai unatakiwa kuyathibitisha au uyafute. Lakini aliyekuwa kwenye kiti cha Spika siku hiyo ni Naibu Spika, Jean-Marie Seroney wa Tinderet, Nandi. Seroney alikuwa mwanasheria, mtu wa maneno machache yaliyopimwa. Akaamua kwamba hakuna haja ya kuthibitisha lililo wazi.

Ukitazama vizuri, sentensi zilikuwa mbili. Ya Shikuku ilikuwa kali, lakini Shikuku alikuwa mkali tangu 1963, walishamzoea. Iliyouma ni ile ya Seroney, kwa sababu ilitoka kitini. Mbunge akisema, ni maoni yake. Kiti kikisema, ni uamuzi, na unaandikwa katika Hansadi kama uamuzi. Nimewafundisha hili watoto wa kidato cha tatu kwa miaka mingi na kila mwaka kuna mmoja wa nyuma anayecheka kabla ya wengine. Huyo ndiye ameelewa.

Tarehe 15 Oktoba wote wawili walikamatwa papo hapo kwenye majengo ya Bunge. Hapa ndipo mzee wako wa stejini anateleza kidogo: hawakufungwa, walizuiliwa. Utasema ni kitu kimoja. Sivyo. Mbunge ana kinga, hawezi kushtakiwa mahakamani kwa alichosema ukumbini. Wakubwa waliliheshimu hilo, wakawazuilia bila kuwapeleka mahakama yoyote. Walitoka Desemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki na Moi kuwaachilia waliozuiliwa kwa sababu za kisiasa. Hiyo ni miaka mitatu na ushei, kwa hiyo hesabu ya mzee haina chumvi.

Wakati wao wakiwa ndani, George Anyona wa Kitutu Mashariki naye akachukuliwa, 1977, baada ya kuuliza juu ya zabuni ya mabehewa ya reli. Hiyo ndiyo baba aliyoizungumzia hadi uzeeni. Mabehewa yalikuwa kazi yake, na aliona mtu wa Kisii ambaye hakumjua amemuulizia swali lake.

Uchaguzi wa 1979 ulipofika, Butere ilimrudisha Shikuku. Tinderet haikumrudisha Seroney. Aliyesema sentensi nzito zaidi alipoteza kiti, na hilo sijawahi kulipatia jibu linaloniridhisha. Baadhi ya wazee wa Nandi wana majibu yao. Waulize ukipeleka abiria upande huo, kisha uniandikie.

*"Mwalimu, nasoma chuo Kakamega. Mbunge wetu kijijini huchanganya lugha tatu kwa pumzi moja, lakini Bungeni anaongea Kiingereza kitupu kama amemeza kamusi. Anajifanya?"*
Mwanafunzi, Kakamega

Kwa hili mwachie. Ibara ya 120 inataja lugha tatu za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Lakini kanuni za kudumu zinasema ukianza hotuba kwa lugha moja umalizie kwa hiyo hiyo. Akiteleza atasimamishwa na mtu mwenye hoja ya nidhamu, na wapo wanaosubiri hiyo tu mchana kutwa. Kwa nini asianze kwa Kiswahili, basi? Muulize. Mwaka 1974, Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumike, wapo mabingwa wa Kiingereza waliogeuka wanagenzi kwa usiku mmoja. Nashuku bado hawajasahau, na wamewarithisha watoto wao hofu hiyo.

*"Mimi ni mkulima wa mpunga Ahero. Mfereji wetu una shida mwaka wa tatu huu. Mbunge tukimwona ni matangani, anaahidi, anakula, anaondoka. Je, lazima neno letu lipite kinywani mwake?"*
Mkulima, Ahero

Si lazima. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mbunge yeyote anaweza kuliwasilisha kwa niaba yenu, si lazima wenu, au mlipeleke wenyewe kwa Karani wa Bunge. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa heshima (nakujua hasira yako, iache nyumbani). Eleza shida, eleza mnachotaka Bunge lifanye, eleza ni ofisi gani mlikwishaiendea na ikawajibu nini, na useme kama suala liko mahakamani au la. Mtie saini kila mmoja na jina lake, anwani na namba ya kitambulisho. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Likishasomwa ukumbini linaingia Hansadi, mfereji wa Ahero na yote, kisha linapelekwa kamatini. Hata aliyekula matangani atalisikia.

Toeni nakala mbili. Moja uiweke juu ya dari, si chini ya kitanda, maana mto Nyando ukifurika hauulizi karatasi ni ya nani.