Kufungua muunganisho kila mtu anaweza: ushauri kwa wanaoanza libuv

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Kijana mmoja wa Wete aliniandikia juzi. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, na mradi wake ni seva ya C inayopokea vipimo vya maji kutoka visimani. Anatumia libuv, maktaba ya C inayoiwezesha seva kuhudumia wengi kwa mzunguko mmoja, yaani lupu, badala ya kumwekea kila mteja thredi yake, yaani mkondo wa kazi wa peke yake. Mchana akiijaribu kwa simu yake na ya mwenzake, inakwenda vizuri. Akiiacha usiku, asubuhi anaikuta imekufa, na kwenye skrini pana mstari mmoja tu wa kosa la memori. Suali lake: "Kaka, niachane na mambo ya lupu nirudi kwenye thredi, au niandike yote upya kwa Python?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile: usirudi, na usihame. Jibu refu nimeona niliweke hapa, maana najua hayuko peke yake. Wako wengi wanaotaka kuandika seva za kweli na si kurasa za tovuti tu, na wote hukwama pale pale alipokwama yeye.

Kwanza nieleze haya nimeyapata wapi.

Niliwahi kuajiriwa katika afisi iliyokuwa ikifunga vifaa vya kupimia maji kwenye matangi ya hoteli, kuanzia Nungwi hadi Jambiani, na vingine Pemba. Kila kifaa kina laini ya simu. Kinafungua muunganisho wa TCP na seva, kinabaki hapo, kinatuma baiti chache kila baada ya muda, na kinasubiri amri ya kuwasha au kuzima pampu. Seva niliyoikuta ilinunuliwa kwa watu wengine. Kila kifaa kikiunganika, seva inaanzisha thredi moja ya kukihudumia, na thredi hiyo inakaa kwenye read, fanksheni ya kusoma, inangoja.

Ukiisoma programu ile huoni ubaya. Ubaya uko shamba, kwenye mtandao wa simu. Kifaa kikipoteza mtandao ghafla, hakiagi. Seva haipati habari yoyote kwamba mwenzake ameondoka. Kwa upande wake soketi, yaani mlango wa muunganisho, iko wazi na thredi imelala. Baada ya muda kifaa kinarudi na muunganisho mpya, kinapewa thredi mpya, na ile ya zamani bado imelala vile vile. Linux, hata ukiwasha keepalive, kwa mpangilio wake wa kawaida husubiri sekunde 7200, yaani saa mbili nzima, kabla ya kuanza kuuliza kama upande wa pili upo. Na programu moja mara nyingi inaruhusiwa kuwa na faili 1024 tu zilizo wazi, soketi nazo zikihesabiwa humo. Siku za masika, mtandao ukiyumba asubuhi, kufika mchana seva imeshajaa miunganisho iliyokufa na haipokei kifaa chochote. Kazi yetu ikawa kuizima na kuiwasha.

Ukaitishwa mkutano. Mshauri aliyeletwa na afisi akasema tununue mashine kubwa zaidi. Nikasema mashine haina kosa, kosa ni namna tunavyosubiri. Nipeni nafasi niiandike upya kwa C nikitumia libuv. Mshauri akacheka mbele ya watu wote. Akasema C ni lugha ya wazee, na kwamba sisi watu wa visiwani tunapenda kujipa kazi ngumu ili tuonekane. Maneno yale yamenikaa mpaka leo.

Mkuu wangu, Mungu amlipe kheri, akanipa ruhusa. Niliiandika usiku, nyingi yake baada ya tarawehe. Alhamdulillah, seva ile ilimaliza Ramadhani, ikapita Sikukuu, ikapita msimu mkubwa wa wageni wa Julai na Agosti, juu ya mashine ile ile ndogo, bila ya mtu kuigusa. Naona fahari nayo na sioni haya kusema. Kisha siku mradi ulipotambulishwa mjini mbele ya wafadhili, aliyesimama kueleza "mfumo wetu mpya" alikuwa mshauri yule yule, na jina langu halikutajwa. Nimesamehe, lakini linauma. Ndiyo maana kila kijana anayenijia humwambia aandike jina lake na tarehe juu ya kila faili la programu yake, na historia ya mabadiliko aihifadhi mahali pasipofutika.

Sasa lupu yenyewe. Mtazame muuza kahawa barazani. Ana dele moja na anahudumia baraza zima, kwa sababu hasimami mbele ya mtu kungoja amalize kikombe. Anamimina, anakwenda kwa mwingine, na anayetaka tena anamwita. Seva ya thredi inamwekea kila mnywaji muuzaji wake. Seva ya lupu ina muuzaji mmoja, na anayemwambia nani anaita ni kerneli, kiini cha mfumo wa mashine. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na epoll, kwenye FreeBSD na Mac ni kqueue, na Windows ina njia yake inayoitwa IOCP. Zamani ilikuwa select, ambayo kwa kawaida haiwezi kutazama soketi zaidi ya 1024. Dan Kegel alilieleza tatizo hili mwaka 1999, alipouliza seva moja itawezaje kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja.

Kuhusu maktaba gani uchague sitakuchosha. Ipo libevent ya Niels Provos, ipo libev ya Marc Lehmann, na ipo libuv, iliyoandikwa mwaka 2011 kwa ajili ya Node.js ili iweze kufanya kazi na Windows pia. Zote ni nzuri. Mimi natumia libuv kwa sababu maelezo yake yanasomeka na kwa sababu inanipa taima, faili na thredi mahali pamoja.

Nije kwenye kinachoua programu ya kijana wetu. Katika C tuliyofundishwa, kitu huanza na kuisha ndani ya fanksheni moja: unaomba memori, unaitumia, unaiachia, unarudi. Kwenye lupu fanksheni yako inarudi hali kazi bado iko njiani. Ukiita uv_write, umepewa ahadi tu. Ombi lako la aina ya uv_write_t, na baiti zenyewe unazozipeleka, lazima viendelee kuishi mpaka kolibeki ya kuandika iitwe, yaani fanksheni yako ambayo lupu huiita kazi ikimalizika. Ukiziweka baiti kwenye staki, memori ya muda ya fanksheni, fanksheni ikirudi hazina mwenyewe tena. Na hapa ndipo watu wanapodanganyika: libuv hujaribu kuandika hapo hapo, kwa hiyo ujumbe mfupi kwenye mtandao mwepesi hupita salama na kosa huwezi kuliona. Subiri siku mtandao uwe mzito na bafa ya kerneli, memori ya kuwekea baiti zinazongoja, ijae, ndipo utakapoona kifaa kinapelekewa takataka.

Kubwa zaidi ni kufunga. uv_close haimalizi kazi unapoiita. Inaandikisha kwamba hendeli hii, yaani kitu cha lupu kama muunganisho au taima, ifungwe, inarudi, na baadaye lupu inaita kolibeki ya kufunga. Mpaka kolibeki hiyo iitwe, memori ya hendeli si yako, ni ya lupu. Mtu akiita uv_close na mstari unaofuata akaweka free, ya kuiachia memori, amemnyang'anya mwenzake kitu kilicho mkononi. Mistari hiyo miwili ikifuatana nimeiona katika programu nyingi nilizoletewa nizitazame, na ya kijana wa Wete imo. Mchana hakuna anayekatika, kwa hiyo uv_close haiitwi. Usiku mtandao unacheza, vifaa vinakatika, na seva inakufa. Wala haina uhusiano na C kuwa lugha ya wazee.

Na muunganisho mmoja mara nyingi una hendeli zaidi ya moja. Wangu mimi ulikuwa na mbili ndani ya struct (fungu la data) moja: uv_tcp_t ya mazungumzo, na uv_timer_t ya kumhesabia aliyenyamaza. Kila zikija baiti naita uv_timer_again na taima inaanza upya. Ikifika mwisho bila ya neno, namfunga. Hili ndilo lililowamaliza wale wafu waliokuwa wakijaza seva ya zamani. Ila ukitumia njia hii, hakikisha taima umeipa muda wa kurudia usio sifuri, maana bila ya huo uv_timer_again haiianzishi upya. Wakati wa kufunga unaita uv_close mara mbili, moja kwa kila hendeli, na kolibeki zitakuwa mbili. Uiachie memori kwenye ipi? Usibahatishe. Weka kihesabio ndani ya struct kianze na 2, kila kolibeki ya kufunga ikipunguze, na atakayekifikisha sifuri ndiye anayeita free.

Maombi ya kuandika yaliyokuwa bado njiani nayo hayapotei. Kolibeki zake zitaitwa zikiwa na hali ya UV_ECANCELED, yaani ombi limefutwa. Achia memori ya ombi humo. Lakini usiite uv_close tena kwa kuwa umeona kosa. Kuifunga hendeli moja mara mbili kunaisimamisha programu nzima. Uliza kwanza kwa uv_is_closing.

Kwenye kusoma, jihadharini na tabia mliyotoka nayo kwenye read ya kawaida. Huko sifuri maana yake mwenzako amefunga. Kwenye kolibeki ya kusoma ya libuv, nread, idadi ya baiti zilizosomwa, ikiwa sifuri maana yake kwa sasa hapana kitu, endelea na kazi zako. Aliyefunga atakuja na UV_EOF, ambayo ni namba hasi. Bafa uliyoitoa iachie katika hali zote hizo. Na TCP haijui ujumbe wako unaanza wapi na unaishia wapi. Baiti ishirini ulizotuma pamoja zinaweza kufika kumi na moja kwanza na tisa baadaye, kwa hiyo kila muunganisho uwe na bafa yake ya kukusanyia.

Na msiizuie lupu. Kuandika kwenye database, kutafuta anwani, kusoma faili kubwa, vyote vipelekwe pembeni kwa uv_queue_work. Kundi lake lina thredi 4 usipobadilisha UV_THREADPOOL_SIZE, na kazi za faili na za kutafuta anwani zinagombania hizo hizo. Thredi ya pembeni ikitaka kuiambia lupu kitu, itumie uv_async_send, na nyengine yoyote isiitwe kutoka huko.

Sisi wa visiwani tuna jambo jengine la kulifikiria. Waliokuwa Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka umeme wa waya wa baharini ulipokatika tukakaa kiza kwa majuma na miezi. Hali siku hizi ni nafuu, lakini umeme bado hukatika na hurudi kwa eneo zima kwa wakati mmoja. Ukirudi, vifaa vyote vinabisha hodi seva kwa sekunde ile ile. Kila kifaa kisubiri sekunde za kubahatisha kabla ya kuunganika, na kikishindwa kiongeze muda wa kusubiri. Rekebisheni upande wa kifaa mapema, maana kikishafungwa juu ya tangi Makunduchi, kukibadilisha ni safari.

Vijana, someni. Acheni kukimbilia kila lugha mpya inayosifiwa na mtu mwenye suti. Faili la uv.h, lenye orodha ya fanksheni za libuv, lifungueni mlisome kama mnavyosoma kitabu cha mtihani, na ukurasa wa epoll kwenye Linux yenu usomeni hata kama intaneti imekatika, umo humo ndani ya mashine. Mtu akikucheka, muoneshe seva inayokwenda.

Na kabla ya kuipeleka popote, ijengeni programu kwa -fsanitize=address, inayokamata makosa ya memori, muunganishe wateja wengi wa uongo, kisha muwakate kwa nguvu, wengine katikati ya ujumbe. Ikisalimika, ipelekeeni ishara ya kuzima: pita kwenye hendeli zote kwa uv_walk, funga kila ambayo haijafungwa, iache uv_run izunguke mpaka kolibeki zote ziitwe, halafu ita uv_loop_close. Ikikujibu UV_EBUSY, kuna hendeli umeisahau mahali, rudi ukaitafute. Ikijibu sifuri, ipeleke.