Mshale wa Temperecha Unacheza: Angalia Rejeta Yenyewe, Si Chupa

SWALI: Nina Toyota Corolla 110, injini ya 5A. Nikipanda Mlima Kitonga kwenda Iringa, mshale wa temperecha unakwenda hadi karibu na H, unadondoka ghafla, kisha unapanda tena. Chupa ya akiba haijawahi kupungua maji. Fundi anasema tuitoe themostati tuitupe. Nikubali?
Msomaji, Iringa

JIBU: Usikubali. Kwenye injini hii themostati, vali inayofunguka yenyewe maji yakipata moto, ina kazi mbili. Inapofunguka ili maji ya rejeta yapite, wakati huohuo inaziba njia ya mkato ambayo maji huzungukia injini ikiwa baridi. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Mlimani utachemsha zaidi, na asubuhi za baridi za huko Iringa injini itachelewa kupata joto na kula mafuta bure.

Pa kuanzia umepataja mwenyewe. Lita kadhaa za maji haziwezi kupoa kwa sekunde mbili wakati gari linahangaika na mlima. Mshale ukidondoka namna hiyo, mara nyingi ni sensa imebaki kwenye hewa badala ya maji. Injini bado ina moto mkali, ila dereva anaona mshale umeshuka, anatulia na kuendelea kukanyaga mafuta huku hedi (kichwa cha injini, kinachofunika silinda) inapinda. Ukiuona tena, simama pembeni.

Hewa inaingiaje na chupa imejaa? Shuku mfuniko wa rejeta. Una vali mbili: kubwa inashika presha, na ile ndogo ya katikati inafunguka injini ikipoa ili maji yaliyokimbilia kwenye chupa yanyonywe kurudi. Vali ndogo ikikwama, au mpira wa mfuniko ukikauka na kupasuka, maji yanatoka lakini hayarudi. Chupa inajaa, rejeta inapungua. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (kamwe si ikiwa moto), fungua mfuniko uchungulie. Maji yawe yamefika shingoni. Yakiwa chini wakati chupa imejaa, tatizo umelipata.

Nunua mfuniko wenye namba ileile iliyochapwa juu ya ule wa zamani, kwa mfano 0.9. Namba hiyo si pambo, ni presha ambayo mfuniko unaishika. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, joto ambalo injini inalifikia kirahisi mlimani. Mfuniko mzima wa 0.9 unayazuia hadi nyuzi 115 hivi.

Kisha toa hewa. Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, fungulia hita hadi mwisho wa moto, jaza taratibu kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, si ya kisima, kwa sababu chumvi yake huganda ndani ya vijibomba vya rejeta. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, uso ukiwa mbali, na minyaminya mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, ongeza. Feni ikishawaka na kuzima mara mbili, funga. Chupa iwe kati ya LOW na FULL, na kesho yake asubuhi chungulia tena.

Mapovu yasipokoma, fanya jaribio hili: washa injini baridi na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeharibika. Fundi akishaifungua hedi, sisitiza ipimwe kama imepinda kabla ya kurudishwa.

Themostati yenyewe ipime, usiihukumu kwa kuitazama. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakichemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ukiirudisha, kile kipini kidogo cha kupitishia hewa kiangalie juu.

SWALI: Mshale wangu unaruka papo hapo nikiwasha taa kubwa, nikizima unarudi. Injini haichemshi.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Maji hayahusiki; ni ethi, yaani waya za kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Hewa ya chumvi ya pwani hula ncha za waya. Fungua waya za ethi kutoka betri hadi bodi na hadi injini, zisugue kwa msasa hadi zing'ae, kaza, paka grisi. Kisha, injini ikinguruma na taa zikiwaka, pima kwa mita kati ya chuma cha injini na hasi ya betri: isizidi volti 0.2. Ikiwa sawa na mshale bado unaruka, fuata ethi ya dashibodi.