Insha zisizo na habari

SWALI: Nasomesha Kiswahili sekondari, Wete, Pemba. Wanafunzi wangu ni hodari wa kusimulia kwa mdomo, lakini wakiandika insha hurundika methali tu. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, kabla ya kuwapa mada pana kama "Umuhimu wa karafuu", waagize waandike aya moja kuhusu jioni ya kuchambua karafuu: nani amekaa jamvini, makonyo (vijiti vya karafuu) yanawekwa wapi, vidole vinanukiaje. Kisha kila mmoja amsomee mwenziwe kwa sauti, kwani mara nyingi sikio hugundua sentensi iliyokosa nukta kabla ya jicho. Usisahihishe kila kosa kwa wino mwekundu (daftari la namna hiyo hufungwa tu). Chagua moja, halafu mwanafunzi aiandike upya aya ile ile.