Ukimleta mbwa wa kuokota nyumbani, wenyeji kwanza

Dada mmoja wa Kasulu ameniandikia. Ameokota mbwa jike pale stendi, mbavu za kuhesabika, akamleta nyumbani na kumwachia uani saa hiyo hiyo. Mbwa wake wa siku zote, Tomi, akamrukia wakaumizana. Paka amepanda juu ya bati tangu juzi na hashuki. Mume amesema huyo mgeni atoke kabla ya Jumapili. Sasa anauliza, "Dada, nimekosea kumhurumia?"

Hujakosea kumhurumia, dada yangu. Ila mzigo wa huruma yako umembebesha Tomi, na Tomi hakuulizwa.

Ujumbe wake umenikuta katika wiki ya furaha kubwa. Karabai amepata kwao! Amechukuliwa na mama mmoja wa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, anayeishi na mjukuu wake, na kwenye bajaji alipanda mwenyewe bila kubebwa. Huyo ni mbwa ambaye ukiinama tu kuokota fagio alikuwa akijikojolea kwa hofu. Naona fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Karabai nilimtoa Kibirizi, mwaloni wanakoshusha samaki. Jina nilimpa kwa ajili ya macho yake ya manjano yanayowaka gizani. Mbwa wa Kibirizi wanaishi kwa ziwa: vichwa vya migebuka, dagaa waliomwagika mchangani. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikishika wanapumzika, na siku hizo mbwa wanaambulia mawe tu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, niliwaona wakipanda hadi huku kwetu Gungu kupekua majalala. Ndipo nilipoanza kazi hii. Namchukua mmoja, namtibu, namzoesha kuishi na watu, halafu namtafutia mwenyewe wa kudumu. Mmoja kwa wakati, si zaidi, maana nyumbani tayari yupo Tutaona, dume mzee aliyekua na watoto wangu, yupo paka wetu Pusi, na wapo kuku.

Shemeji yangu alisema mbele ya wageni, "Watu hawajala, wewe unapikia mbwa." Iliniuma na bado inaniuma. Napika dona na vichwa vya samaki ambavyo vingetupwa, kwa hela ya cherehani yangu mwenyewe. Mtoto wa mtu hajalala njaa kwa sababu ya Karabai. Wewe unayesoma hapa unaujua moyo huu, la sivyo usingefika aya hii, kwa hiyo sitapoteza muda kukushawishi. Nitakwambia tu jinsi ya kuufuata bila kuwatesa uliowakuta.

Kabla hujamwokota yeyote, wanyama wako wawe na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hili silijadili na mtu. Mbwa anaweza kuwa amekwisha ambukizwa na akakaa wiki kadhaa, hata miezi, anakula na kutikisa mkia kama kawaida. Kumtenga wiki mbili hakukuhakikishii kitu kuhusu kichaa. Chanjo ya wenyeji ndiyo kinga yao. Akikuuma, hata kwa bahati mbaya, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kumwona kama atageuka, kwa sababu dalili zikishamtoka binadamu, hakuna dawa ya kumponya.

Halafu mtenge. Kwangu ni stoo ya mkaa upande wa nyuma, yenye mlango wa mbao na dirisha la wavu. Wiki mbili kamili, hata kama anaonekana mzima. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, huanza kuonekana siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa: kutapika, kuhara damu, na mtoto wa mbwa anakwisha mbele ya macho yako. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi. Kwa hiyo bakuli lake peke yake, ufagio wake peke yake, na kandambili za kuingilia huko zinabaki huko huko mlangoni. Sakafu naosha kwa sabuni kwanza, kisha jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, naiacha dakika kumi. Unawahudumia wenyeji kwanza, mgeni wa mwisho. Ukitoka kwa mgeni unanawa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa mbwa, usipokuwa mwangalifu, mwenyeji ndiye anayeugua.

Wakati wa kutengwa wanajuana kwa pua. Nilikuwa nabadilisha magunia yao ya kulalia, la Karabai nampelekea Tutaona, la Tutaona naingiza stoo. Siku za kwanza Tutaona alilizunguka gunia lile akakataa kulikanyaga. Baadaye akalilalia.

Kuonana kwenyewe kusifanyike getini wala uani. Uani ni kwa mwenyeji, atapigania. Nilimshika Tutaona, kijana wangu akamshika Karabai, kila mmoja upande wake wa barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, tukatembea kuelekea upande mmoja. Si uso kwa uso. Kamba iwe legevu, maana ukiikaza mbwa anajua umeogopa na yeye anajiandaa kwa vita. Tutaona manyoya ya mgongo yalisimama kuanzia shingoni hadi kwenye mkia, akafunga mdomo, mkia ukakakamaa, akamkazia macho mwenzake. Ukiona hivyo husogei tena, unageuza njia na kuongeza nafasi. Tukarudia jioni baada ya jioni. Kisha jioni moja akanusa mahali Karabai alipokojoa, akapiga chafya, akaendelea na safari yake kama hakuna mtu. Nilitaka kupiga vigelegele! Hata hivyo hatukuwafungulia kamba wiki hiyo.

Chakula wanakula mbalimbali, mlango katikati, na mifupa haibaki uani. Mbwa aliyelala njaa miaka yake yote atapigania sufuria tupu. Wakishikana, usiingize mkono. Mwaga ndoo ya maji, au chomeka ungo au kipande cha ubao kati yao.

Paka ana sheria zake. Mpe mahali pa juu pasipofikika na njia ya kutokea. Pusi kituo chake ni juu ya cherehani. Karabai alikuwa amefungwa kamba, na kila alipomtazama Pusi kisha akanigeukia mimi, alipata dagaa mmoja mkavu kinywani. Akimtazama paka, dagaa. Akimwacha, dagaa. Mwisho akawa akimwona Pusi ananitafuta mimi kwa macho. Usimruhusu kumkimbiza paka hata kwa mchezo, hata mara moja, wala usicheke. Kwa kuku nilitumia njia hiyo hiyo, ila ilichukua muda mrefu zaidi.

Na majirani ni wenyeji pia. Bibi wa nyumba ya pili anaswali barazani. Mate ya mbwa kwake ni najisi, chombo kikilambwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi wajibu ni wangu, si wake. Nimeziba ua kwa mabati chini, na hakuna mbwa anayetoka kwangu bila kamba. Nilikwenda kumweleza kabla ya kuanza. Leo bibi huyo huyo ananitumia vichwa vya samaki kwa mjukuu wake.

Kuna jambo moja bado linanikaa kooni. Bwana mmoja alikuja kwangu kwa maneno mazuri, akamchukua mbwa niliyemlea hadi akanenepa. Aliporudishwa, shingo ilikuwa imekatwa na waya wa kufungia, nyama imeuzunguka waya. Hakuomba radhi, alisema tu mbwa habweki. Tangu hapo simtoi mbwa kwa mtu kabla sijafika kwake na kuona atakapolala. Na wewe usimtoe. Usione aibu kumkatalia mtu mkubwa. Ulimtoa mnyama kwenye mawe, huna haki ya kumkabidhi kwa waya kwa sababu tu umechoka au mtu amevaa vizuri. Kama huwezi kusema hapana, kazi hii iache.

Sasa, dada wa Kasulu. Leo leo jike afungiwe peke yake, jikoni kwa nje au stoo, Tomi arudishiwe uani pake. Paka mwekee maji na dagaa juu ya ukuta, ashuke mwenyewe usiku kukitulia, usimpandie. Kesho asubuhi mwite afisa mifugo wa kata atazame majeraha ya wote wawili, na umuulize kuhusu chanjo ya Tomi. Muulize pia kama huyo jike yuko kwenye joto au ana mimba, kwa sababu mimba ya mbwa ni kama siku 63 na hutaki kushtukizwa. Mumeo mwambie mtu wa Kigoma anaomba wiki mbili, na kwamba mbwa hatafika sebuleni.

Kisha mwinue mdomo huyo jike unitumie picha ya ufizi wake. Ukiwa mweupe badala ya waridi, si njaa peke yake. Huenda ni kupe au minyoo imemmaliza damu, na afisa mifugo aambiwe kabla hajafika ili abebe dawa.